Dairekta anataka nikonde kilo 18 niigize teja: nikubali?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 24. Nimeigiza jukwaani tangu sekondari na sasa nimepata uhusika mkuu wa kwanza kwenye filamu, nitacheza kama teja. Nina kilo 68 na urefu wa sentimita 174. Dairekta anataka nifike kilo 50 kabla hatujaanza kushuti, wiki sita kutoka sasa. Anataka pia nikalale maskani na mateja wenyewe siku kadhaa ili "niingie". Halafu kuna sini ninampiga kofi mke wangu. Ameniambia nimpige kweli, na dada anayeigiza asiambiwe, ili mshtuko uwe wa kweli. Nikihoji, ananijibu kuwa wakubwa wa Hollywood ndivyo wanavyofanya na ndiyo maana wanabeba tuzo. Naipenda kazi hii na sitaki nionekane mwoga. Je, kimaadili ni sawa, au nikatae?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Uhusika mkuu wa kwanza ni kitu mtu hakisahau maisha yake yote, ndiyo maana nimeisoma barua yako taratibu na usiku nikairudia tena.

Umeuliza swali moja, lakini ndani mna watu wengi: wewe na mwili wako, mateja wa maskani, na dada atakayepigwa kofi. Mambo haya hayalingani uzito. Ukiyachanganya, utajikuta umelikubali lililo baya zaidi kwa sababu ulishalikubali lililo jepesi. Mimi katika kila moja huuliza hivi: gharama ya sini hii inamwangukia nani, na huyo mtu alipata nafasi ya kusema hapana?

Nianze na kofi, maana jibu lake ni fupi. Usimpige.

Mwaka 1979 ilitoka filamu ya Kramer vs. Kramer, Dustin Hoffman na Meryl Streep wakicheza kama mume na mke wanaoachana. Siku za mwanzo kabisa za kushuti, Hoffman alimzaba mwenzake kofi la kweli ambalo halikuwemo kwenye skripti. Wote wawili walipata Oscar kwa filamu ile, na kwa muda mrefu kisa hicho kimesimuliwa kama ushahidi wa ufundi. Mwaka 2018 Streep alilizungumzia mwenyewe: alisema lilivuka mpaka. Miaka karibu 40 ilikuwa imepita, ameteuliwa kuwania Oscar mara nyingi kuliko mwigizaji yeyote, na shavu bado halijasahau.

Kibaya zaidi ya hapo ni kile kilichompata Maria Schneider katika Last Tango in Paris ya mwaka 1972. Alikuwa binti wa miaka 19, na Marlon Brando alikuwa amemzidi karibu miaka 30. Kwenye sini ya kubakwa kulikuwa na jambo ambalo Brando na dairekta Bernardo Bertolucci walilipanga wao wawili, binti wakamficha. Tendo lenyewe liliigizwa, lakini fedheha haikuigizwa. Mwaka 2007 Schneider alieleza kuwa machozi yanayoonekana pale ni machozi yake ya kweli. Mwaka 2013, yeye akiwa ameshafariki, Bertolucci alisema kuwa alitaka apate itikio lake kama msichana, si kama mwigizaji.

Hebu litafakari neno hilo, kwa sababu dairekta wako ametamka lilelile kwa lugha nyingine. Mtu anaposema hataki mwigizaji wake aigize, maana yake hamwamini, au yeye mwenyewe hajui kumwongoza akafika. Vyovyote iwavyo, atakayelipa ni yule ambaye hakuulizwa. Dada huyo amekubali kuigiza mke anayepigwa. Hajakubali kupigwa. Na mkono utakaofanya hivyo ni wako, si wa dairekta, kwa hiyo usijifiche nyuma ya neno "niliambiwa".

Tena kofi ni katika vitu rahisi kuigiza. Kamera inakaa nyuma ya bega lako, upande ule ambao shavu lake halionekani vizuri. Mkono wako unapita shibiri nzima mbele ya uso wake. Anayepigwa ndiye anayeongoza: anakutazama machoni, anakupa ishara kwamba yuko tayari, ndipo mkono uondoke, na kichwa anakigeuza mwenyewe. Mlio unawekwa baadaye kwenye uhariri. Fanyeni mazoezi mara ishirini polepole, kisha kwa mwendo kamili. Kuna faida moja ambayo wanaopenda makofi ya kweli hawaijui: mwigizaji anayejua hataumia huachia uso wake wote, lakini aliyeumizwa mara moja, kwenye teki ya pili, yaani sini ikirudiwa, anakunja shingo kabla mkono haujaanza kupanda, na kamera inaliona hilo.

Sasa mwili wako. Hapa sisemi kwa pupa kwamba ni makosa. Mwili ni wako, na mtu mzima ana haki ya kuuweka katika hatari kwa jambo analoliamini. Bondia anafanya hivyo, mzamiaji anafanya hivyo. Siwezi pia kukudanganya kuwa hakuna kinachopatikana. Robert De Niro alipocheza kama bondia Jake LaMotta katika Raging Bull ya mwaka 1980, upigaji picha ulisimamishwa miezi kadhaa, akaenda kula Italia na Ufaransa mpaka akaongezeka kilo 27 hivi. Ukimtazama pale mwishoni, utamwona mtu anayehema kwa shida, anayekaa kitini kama mzigo uliotuliwa. Siioni namna ambayo mto tumboni ungeleta pumzi ile. Nakubali. Lakini hata dairekta wake, Martin Scorsese, aliingiwa na wasiwasi juu ya upumuaji wa De Niro, ikabidi teki zipunguzwe.

Kwa hiyo swali si kama mwili unaweza kutumika. Swali ni kama wewe, kwa wiki sita ulizopewa, unaweza kukubali kwa hiari yenye maana. Tupige hesabu.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kilokalori 7,700. Kilo 18 ni kama 138,600. Gawanya kwa siku 42, unapata 3,300 kila siku. Kijana wa umbo lako, anayetembea na kufanya shughuli za kawaida, huchoma kama 2,500 kwa siku. Maana yake hata ukifunga mdomo kabisa siku zote 42, mafuta peke yake hayawezi kuondoka kwa kasi hiyo. Kitakachofidia ni maji na misuli, na moyo nao ni msuli. Ukifika kilo 50 kwa urefu wako, uwiano wa uzito na urefu utakuwa 16.5, wakati Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtu ana uzito pungufu akishuka chini ya 18.5. Sidhani kama dairekta wako ana nia mbaya. Nadhani namba 50 imempendeza masikioni na hajakaa na kalamu.

Njaa yenyewe ilishachunguzwa, na ningependa ujue walichokiona. Mwaka 1944, vita vikiendelea Ulaya, daktari wa fiziolojia Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua vijana 36 wenye afya njema waliokuwa wamekataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao. Walijitolea wakonde ili ijulikane jinsi ya kuwalisha watu walioathirika na njaa ya vita. Kwa miezi sita walipewa takriban kilokalori 1,570 kwa siku: viazi, tanipu, mkate, makaroni. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana wale wacheshi walianza kulamba sahani. Waliota chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walisikia baridi wakati wa joto, hamu ya mapenzi ikawaisha, wakanuna, wakajitenga, na wakalalamika kuwa hawawezi kukaza fikra. Walipoanza kulishwa tena hawakurudi kuwa wenyewe kwa haraka. Wengine ilichukua miezi mingi.

Sasa angalia: kilo 18 kutoka 68 ni zaidi ya robo. Unatakiwa upoteze kipimo kilekile, isipokuwa wao walipewa miezi sita na madaktari wa kuwapima kila wakati, na wewe umepewa wiki sita na neno la kutiwa moyo. Halafu kwenye hali hiyo ya kutokukaza fikra, unatakiwa ukumbuke mistari, ujue taa ilipo, na usikilize mwenzako anasema nini. Kuigiza ni kazi ya akili inayotaka nguvu. Mwenye njaa kali hana nafasi ya kumfikiria mhusika, anafikiria ugali.

Hao wakubwa anaowataja, uliza yaliyowapata baadaye. Christian Bale alipoteza takriban kilo 28 kwa ajili ya The Machinist ya mwaka 2004, kisha akajaza mwili upya haraka awe Batman. Aliendelea na mchezo huo wa kupanda na kushuka mpaka filamu ya Vice, mwaka 2018, ndipo akasema hawezi tena, kwamba sasa anakiona kifo kikimtazama usoni. Jared Leto alinenepa kama kilo 30 kwa Chapter 27, akapata gauti, miguu ikamuuma hata akawa anasukumwa kwa kiti cha magurudumu pale pale kwenye kushuti. Charlize Theron alinenepa kwa Monster akiwa na miaka 27 na uzito ukaondoka bila shida kubwa. Alipofanya hivyo tena kwa Tully akiwa ameshapita 40, alisema alipata sonona, na kuurudisha mwili kulimchukua mwaka mmoja na nusu. Wote hawa wana pesa, wana wapishi na wana daktari wa kumpigia simu saa nane za usiku.

Kisa cha Tom Hanks ndicho ningependa umsomee dairekta wako. Kwa Cast Away ya mwaka 2000 ilibidi aanze akiwa mnene kidogo, kisha aonekane mtu aliyeishi peke yake kisiwani miaka minne. Walishuti nusu ya kwanza, wakasimamisha kazi kwa karibu mwaka mzima ili akonde na kufuga nywele na ndevu. Katika mwaka huo, dairekta Robert Zemeckis aliwachukua wafanyakazi walewale wakatengeneza filamu nyingine nzima ili wasikae bila kipato. Hiyo ndiyo bei halisi ya kukonda. Filamu zetu nyingi hushutiwa kwa siku zinazohesabika, na bajeti yake pengine haifiki gharama ya chakula cha mchana cha lokesheni zao. Anayekuletea mfano wa Hollywood amechukua mateso akaacha mwaka, mshahara na daktari.

Na kuhusu hiari. Umesema hutaki uonekane mwoga. Ndiyo uhusika wako mkuu wa kwanza, nyuma yako wapo vijana kumi wanaoutaka, na dairekta ndiye anayeweza kukuita au kutokukuita tena. Mtu akiwa katika hali hiyo, "ndiyo" yake ni nyembamba sana. Sikulaumu kwa hilo. Namlaumu anayeijua hali hiyo na bado anaomba kilo 18.

Nijibu pia hili la tuzo, kwa sababu linawapoteza vijana wengi. Ni kweli Theron alipata Oscar, na Leto na Matthew McConaughey waliokonda kwa Dallas Buyers Club walipata wote wawili mwaka 2014, na Joaquin Phoenix aliyekonda kwa Joker akapata mwaka 2020. Lakini kilo zina sifa moja ambayo uigizaji hauna: zinapimika. Mwandishi wa habari hawezi kuandika kwa sentensi moja jinsi mtu alivyosikiliza ndani ya sini, ila anaweza kuandika "amepoteza kilo 23". Ndiyo maana hadithi ya kilo inasafiri na ya kusikiliza inabaki ndani ya chumba. Mwaka 2021 Anthony Hopkins alipata Oscar akiwa na miaka 83 kwa The Father, akicheza mzee anayepoteza kumbukumbu. Hakukonda, hakunenepa, hakumtesa mtu. Anajulikana kwa kitu kimoja kisichopendeza kwenye magazeti: huisoma skripti tena na tena na tena, mara nyingi kuliko wenzake wote.

Maskani sasa. Wazo la kwenda kujifunza kwa walioishi jambo unaloliigiza ni zuri, na ningekusikitikia kama usingetaka kwenda. Forest Whitaker alipocheza kama Idi Amin katika The Last King of Scotland ya mwaka 2006, alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili, akajifunza kupiga kodiani ambayo Amin alikuwa akiipiga, akakaa na ndugu wa Amin na watu waliomfahamu akawasikiliza. Hapo napo mtu amekwenda mbali sana kwa ajili ya uhusika, pengine mbali kuliko Bale, lakini alichokitumia ni masaa yake na unyenyekevu wake. Ukisikia watu wanasema "kujitoa", mimi hilo ndilo ninalolisikia.

Lakini kulala maskani siku kadhaa bila mwenyeji ni kitu kingine. Kwanza usalama wako: sindano, wizi, polisi wanaokuja alfajiri na kuwazoa wote bila kuuliza nani mwigizaji. Akitokea mtu, yeyote yule, akakuambia uonje kidogo tu ili ujue, ondoka hapo na ondoka kwenye filamu hiyo. Pili, na hili husemwa mara chache, wao hawakukualika. Utaangalia jinsi anavyojikuna, utabeba miondoko yake, utakwenda kusifiwa, na yeye atabaki palepale chini ya daraja. Hakujua hata kama alikuwa anatazamwa.

Lupita Nyong'o alitufundisha somo hili bila kukusudia. Kwa filamu ya Us, mwaka 2019, alitengeneza sauti ya kukwaruza, inayokatikakatika, aliyoichota kwenye ugonjwa wa koo unaofanya misuli ya sauti ikaze yenyewe. Alijitahidi: alikwenda kwa madaktari na walimu wa sauti ili asiharibu koo lake. Ila watu wanaoishi na ugonjwa ule waliposikia sauti yao imepewa kiumbe wa kutisha, waliumia, na chama chao kikasema hivyo hadharani. Lupita aliomba radhi. Namheshimu kwa radhi ile. Angalia tu jinsi gharama ilivyohama: koo lake lililindwa, ikawaangukia watu ambao hawakuwa wameulizwa.

Wewe una njia bora. Hapa Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha heroini, mwaka 2011, na tangu hapo huduma imeenea kwenye hospitali nyingine. Kuna nyumba za kuwasaidia walioacha. Wapo watu waliopitia unga miaka kumi ambao leo wanafanya kazi ya kuwaongoza wenzao, na wanapenda kusimulia ikiwa utawaendea kwa adabu. Omba ruhusa kwa viongozi wao. Eleza ni filamu gani na mhusika wako anaishia wapi. Lipa muda wao kama unavyomlipa fundi wa taa. Muulize dairekta kama mmoja wao anaweza kuisoma skripti kabla hamjashuti. Wao ndio watakaokuambia pale mlipoandika uongo.

Na watakupa vitu ambavyo mizani haikupi. Watakuambia kuhusu arosto, yale mateso ya teja aliyekosa unga: inaanza na miayo, miayo mfululizo ya mtu asiye na usingizi. Macho yanatoa machozi, pua inachuruzika kamasi jepesi, vinyweleo vinasimama kama vya kuku aliyenyonyolewa, miguu inarusha mateke yenyewe, tumbo linasokota. Wakishapata, utaona kichwa kinashuka taratibu mpaka kifuani, mtu amesimama hivyohivyo, sigara inaungua kati ya vidole mpaka moto unafika kwenye ngozi ndipo anashtuka, anainua kichwa na kuendelea na neno alilolikatia katikati kana kwamba hakuna muda uliopita. Mtazamaji wa Manzese anayemjua teja kwa sababu ni mdogo wake hatahesabu mbavu zako. Atatafuta kichwa kile kinavyoshuka. Ukikipatia, amekuamini.

Kuna la mwisho ambalo hukuliuliza, nalo ni kutoka. Miaka mingi nyuma, nikiwa bado kijana na nimesoma kidogo nikadhani nimesoma sana, niliongoza mchezo wenye sini ya msiba. Mwigizaji wangu alikuwa amefiwa na mama yake mwaka uliotangulia. Nilimwambia kila usiku kabla ya kuingia akumbuke siku ile, harufu ya ubani, sanda, sauti za wanawake. Alilia vizuri mno, watu wakazungumza. Usiku wa nne mchezo uliisha, taa zikawashwa, na yeye bado analia. Tulimkalisha nyuma ya jukwaa mpaka saa saba usiku, mikono yake ya baridi. Sikuwa na cha kumfanyia, kwa sababu nilijifunza jinsi ya kumwingiza na sikuwahi kujiuliza atatokaje. Nilimwomba radhi. Bado nalikumbuka.

Mbinu ile niliitoa kwa Lee Strasberg wa New York, aliyewafundisha waigizaji wachimbe kumbukumbu zao zenye maumivu, akisema ameitoa kwa Stanislavski wa Moscow, dairekta na mwalimu mkubwa wa uigizaji. Baadaye nikajua kuwa Stella Adler, aliyekuwa kundi moja na Strasberg, alimfuata Stanislavski mwenyewe mjini Paris mwaka 1934, akafanya naye kazi wiki kadhaa, na akarudi na habari nyingine: mzee anasisitiza mazingira ya mhusika na ubunifu wa mwigizaji, si kuchokonoa vidonda. Kiini chake ni swali dogo: ningekuwa mimi katika hali hii, ningefanya nini? Sisi Waswahili swali hilo tunalo ndani ya kitenzi, katika ile -nge-. Ningekuwa. Inakuwezesha kwenda mpaka mwisho wa jambo, na wakati wote silabi hiyo inakukumbusha kuwa hujawa.

Hata kwenye ngoma za pepo za pwani hawaachi mtu apande tu. Pepo anapandishwa na fundi, anaulizwa anachotaka, na fundi haondoki mpaka mtu wake amerudi, amefuta jasho na amejua jina lake. Tafuta fundi wako. Anaweza kuwa rafiki atakayekungoja kila mkimaliza kushuti, mkavua zile nguo pamoja, mkaziacha lokesheni, mkala, mkazungumza mambo ya nyumbani. Usiende na mhusika kwenye daladala.

Utakuta wapo watakaokuambia kuwa mkubwa wa kweli hatoki kwenye uhusika. Jeremy Strong, wakati wa kushuti The Trial of the Chicago 7 iliyotoka mwaka 2020, aliomba apuliziwe gesi halisi ya machozi kwenye sini ya maandamano. Dairekta Aaron Sorkin alikataa, kwa hoja kwamba pale palikuwa na watu kama 200 kwenye sini na wafanyakazi wengine 70 nyuma ya kamera. Sikusudii kumshusha Strong, ni mwigizaji hodari. Nakuonyesha kwamba dairekta mzuri, akiombwa na nyota wake mwenyewe, aliwahesabu wengine kwanza. Mwigizaji Natalie Portman naye aliwahi kusema kuwa kuishi ndani ya uhusika namna hiyo ni anasa ambayo wanawake hawaimudu. Mwenye watoto wanaomsubiri nyumbani hawezi kuwalazimisha waishi na mhusika wake.

Basi mwendee dairekta wako, faragha, kwa heshima, na usianze na "nakataa". Mwambie unataka filamu hii iwe nzuri kuliko anavyotaka yeye. Mwambie uko tayari kupunguza kilo tatu au nne kwa wiki sita, chini ya usimamizi wa daktari ambaye uzalishaji utamlipa, na akisema simama, unasimama. Hilo liandikwe kwenye mkataba, na iandikwe pia nani anayegharamia ukiugua. Kuhusu kofi mwambie wazi kuwa utalipiga la kuigiza, mbele ya dada mwenyewe na kwa mazoezi, au hulipigi. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja. Akikuondoa kwa sababu hiyo, nitasikitika pamoja nawe, na nitakuambia bado ulifanya sawa.

Kilo nyingine kumi na nne, mwachie fundi wa mekapu na mtu wa mavazi. Kivuli chini ya mifupa ya mashavu na juu ya mashimo ya shingo. Taa itoke juu, isitoke mbele. Shati la mtu mwenye shingo nene, kola ibaki na nafasi ya vidole vitatu. Na tafuta mkanda wa zamani ulioacha alama pale ulipokuwa ukifungwa, kisha utoboe matundu mapya matatu ndani zaidi, kila moja mbali na la awali. Tumia msumari, usitumie mashine ya fundi viatu. Teja anatoboa mwenyewe, usiku, kwa alichokiokota, na matundu yake hayakai kwenye mstari.